Uzi: Chaza mgeni akishazaa kwenye maji mapya harudi kwao, tujadili kabla mtu hajaagiza mbegu

#1 – mleta uzi

Wakuu salama? Huu uzi nimeuahirisha sana kwa sababu ni mrefu na sipendi kuuandika nusu nusu, lakini kila ukitokea mjadala wa kufuga chaza naona unaishia pale pale, mtu anasema chaza wa Pasifiki anakua fasta, hafi ovyo, wanunuzi wapo, basi iletwe mbegu yake, yaani vitoto vyake, tumwage majini tuanze kuhesabu hela. Kukua fasta ni kweli, mwaka na nusu mpaka miaka mitatu hivi umeshauza, wapo chaza wengine utawasubiri mpaka uchoke. Kinachonisumbua ni hilo neno "tumwage". Mbuzi ukimchoka unamuuza, zizi unalibomoa, baada ya muda hakuna anayejua kama palikuwa na mbuzi. Chaza ukimwaga umemwaga.

Tumjue kwanza. Kwao ni Japani, Korea, China na ile pwani ya mashariki ya mbali ya Urusi. Vitabu vya zamani vinamwita Crassostrea gigas, vya siku hizi vingi vinasema Magallana gigas, ni huyo huyo mmoja msichanganyikiwe. Anavumilia baridi, anavumilia joto, anavumilia maji yenye chumvi pungufu kwenye milango ya mito, maji yakipwa anafunga gamba lake anasubiri. Jike kubwa moja linaachia mayai milioni 50, milioni 100, hata zaidi. Hakuna kupandana, dume anaachia zake na jike anaachia zake, zinakutana humo humo majini, na vinavyozaliwa vinaelea wiki mbili mpaka nne vikienda popote mkondo unapoenda. Vikikomaa vinatafuta kitu kigumu, jiwe, nguzo ya gati, gamba la kome, vinajigandisha kwa gundi yao na hapo ndio nyumbani mpaka kufa. Na kitu kigumu wanachokipenda kuliko vyote ni gamba la chaza mwenzao, ndio maana wanapandiana ghorofa juu ya ghorofa mpaka unaona mwamba mzima.

Sasa hapo utaweka uzio gani? Mifuko yako ya wavu inamshika chaza mkubwa asitoke, lakini mtoto wake hata kwa macho humuoni na anapita kwenye tundu lolote.

Wanaotaka aletwe huwa wanataja Ufaransa, basi na mimi nianze huko huko. Wafaransa walikuwa na chaza wao wa asili, yule bapa, Ostrea edulis, wakamvuna mpaka akaanza kupotea. Mwaka 1868 meli iitwayo Morlaisien ikiwa na shehena ya chaza kutoka Ureno ikakimbia dhoruba ikajibanza kwenye mlango wa Gironde, mzigo ukakaa mpaka wakadhani umeshaoza, wakaumwaga majini. Kumbe wengine walikuwa hai. Wakazaa, wakasambaa, na kwa karibu miaka mia moja huyo "Mreno" ndiye alikuwa chaza wa watu wengi kule. Halafu vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vikaonyesha hata Ureno hakuwa mwenyeji, asili yake ni Asia, inaaminika alifika na meli za Wareno enzi zile za safari za mbali, labda amejibandika tu kwenye tumbo la meli.

Kuanzia 1967 Mreno akaanza kufa kwa ugonjwa wa matamvua ulioletwa na virusi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 amekwisha mashambani. Fikirieni hao wafugaji, familia na familia, vijiji vizima vya pwani vinaishi kwa chaza na chaza hakuna. Ndipo kukawa na operesheni iliyoitwa Résur, 1971 mpaka 1975, mamia ya tani za chaza wazazi wa Pasifiki kutoka British Columbia huko Kanada wakawekwa kwenye maeneo ya kuzalia, na mbegu kwa mabilioni ikaja kutoka Japani. Ikashika. Sekta ikasimama tena na mpaka leo karibu chaza wote wanaofugwa Ufaransa ni yeye. Mwaka 2011 tsunami ilipobomoa mashamba ya chaza ya Miyagi na pwani ile ya Sanriku, wafugaji wa Ufaransa wakachanga vifaa wakawatumia Wajapani kulipa fadhila. Siwezi kulisimulia hili kwa dharau, watu waliokolewa kweli.

Ila hesabuni vizuri mfuatano wake. Bapa akaisha akaja Mreno, Mreno akafa akaja wa Pasifiki, na 2008 wa Pasifiki naye akapigwa na aina mpya ya virusi vya herpesi vya chaza, ile inayoua chaza wachanga maji yakishafika nyuzi joto kama 16, kuna mashamba yalipoteza zaidi ya nusu ya mbegu na mengine karibu yote. Sasa wa nne ataletwa kutoka wapi? Hilo swali ndilo limenifanya nifungue huu uzi. Karibuni tujadili, na anayepinga apinge kwa hoja.

#2

Mkuu nakuheshimu ila umetaja Ufaransa halafu umekimbilia virusi. Miaka kama 35 kutoka pale 1970 na kitu mpaka 2008 watu wamekula, wamesomesha watoto, wamejenga. Hiyo sio kitu kidogo. Na kila mfugo una magonjwa, tusiache kufuga kwa sababu ya kuogopa. Ng'ombe wangapi wa kisasa wanatoka nje na hatusemi kitu?

#1 – mleta uzi

Hoja nzuri mkuu na sitaki kuikwepa. Ng'ombe wa kisasa umemnunua wewe, anakaa kwako, akizaa umeona tumbo, ndama unamjua. Ukishindwa unamuuza na anaondoka. Chaza uliyemleta wewe atazalia kwenye ghuba ambayo sio yako peke yako, kuna mvuvi humo, kuna mtu anaokota kome humo, kuna nchi jirani mkondo unapoelekea, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa kikao na wewe. Faida inaingia mfukoni kwa mtu mmoja, kuenea kwake kunakuwa kwa wote. Ndipo ninaposimama mimi, sipingi kufuga.

Chukua Uholanzi. Baridi kali ya 1962 kuingia 1963 iliua chaza bapa wengi sana kule Oosterschelde. Mwaka 1964 mbegu ya chaza wa Pasifiki ikaletwa. Watu waliuliza, je hatazaa akatuenea? Jibu likawa maji ya huku ni baridi kwake, atakua tu hatazaa. Na kwa miaka kumi jibu lilionekana sahihi kabisa! Halafu yakaja majira ya joto ya 1975 na 1976, akazaa. Akarudia 1982 kwa nguvu. Baada ya hapo hakuna aliyemshika, kuta za mabwawa, mawe, vitanda vya kome, mpaka watu wanaoogelea wanakatwa miguu na makali ya magamba.

Ujerumani hivyo hivyo. Shamba likafunguliwa 1986 pale List kwenye kisiwa cha Sylt, bahari ya Wadden. Mwaka 1991 wakakuta wa kwanza nje ya shamba, amejibandika kwenye kome. Ikaonekana ni mmoja mmoja tu. Majira ya joto ya 2001 mpaka 2003 yalikuwa na joto, wakaja kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, vitanda vya kome vikageuka miamba ya chaza.

Kwa hiyo mtu akikwambia "huku hatazaa, maji hayamfai", muulize anazungumzia maji ya mwaka gani. Maji yanapata joto. Chaza anaishi miaka 20 na zaidi, ana subira, anasubiri msimu mmoja tu.

#3

Aisee hiyo ya miaka kumi imenishtua. Yaani aliyetoa ruhusa pengine alishastaafu siku chaza alipozaa.

Swali langu dogo kaka, wakati wanaleta hiyo mbegu hawakuwa wanapima? Naona kama wanyama wengine wote wakivuka mpaka kuna karantini na vyeti.

#1 – mleta uzi

Dada hapo umegusa sehemu ambayo mimi naiona mbaya kuliko hata chaza mwenyewe. Zamani mbegu ilikuwa inasafirishwa ikiwa juu ya magamba makuukuu, makasha kwa makasha, yanamwagiwa maji ya bahari juu ya sitaha mpaka meli ifike. Sasa gamba kuukuu la chaza ni mji. Kuna mwani humo, kuna minyoo, kuna konokono na mayai yao, vimelea, vijidudu visivyoonekana. Unadhani umenunua mbegu ya chaza kumbe umebeba kipande cha bahari ya watu.

Jimbo la Washington kule Marekani ni shahidi. Wenyeji wao alikuwa chaza Olympia, mdogo kabisa, aliyevunwa sana pwani yote ile tangu enzi za wachimba dhahabu wa California. Mwaka 1919 shehena kutoka Miyagi ilifika Samish Bay, wakubwa walikuwa wamekufa njiani kwa wingi, wakaonekana hasara tupu. Baadaye ndio ikagundulika vile vidogo vilivyojibandika kwenye magamba vilikuwa vimepona na vinakua vizuri tu. Hapo biashara ikaanza na mbegu ikawa inakuja kwa meli kutoka Japani miaka mingi iliyofuata. Pamoja nayo ukaja mwani wa kahawia unaoitwa Sargassum muticum, akaja konokono anayetoboa gamba la chaza na kumla akiwa humo humo ndani, na konokono huyo akawa adui wa wafugaji wenyewe na wa Olympia aliyebaki. Akaja pia chaza wa mchangani wa Manila, yule anayejifukia, naye hakualikwa na mtu, alijificha tu kwenye mbegu miaka ya 1930, na leo ni zao la hela nyingi Washington. Nimemtaja makusudi maana haki ni haki, sio kila aliyejificha alileta balaa. Ila hakuna aliyekuwa anachagua, ilikuwa ni kuchovya mkono gizani.

Ule mwani ulionekana Ulaya mwaka 1973 kwenye kisiwa cha Wight, Uingereza, na inadhaniwa sana ulifika na chaza hao hao waliopelekwa Ufaransa. Vijiji ambavyo havijawahi kufuga chaza wa Pasifiki vimepata mwani wake.

Magonjwa sasa. Pwani ya mashariki ya Marekani, Delaware Bay 1957, chaza wakaanza kufa kwa wingi, miaka miwili baadaye na Chesapeake. Kimelea kinaitwa Haplosporidium nelsoni, ugonjwa wenyewe watu wanauita MSX. Vinasaba vikaja kuonyesha kimelea hicho hicho kinaishi kwa chaza wa Pasifiki kule Asia, na yeye wala hakimsumbui sana. Mwenyeji ambaye hajawahi kukutana nacho ndiye aliyekufa. Hapo ndio ubaya ulipo, mgeni anakuja mzima wa afya, anapita ukaguzi wa macho, na ugonjwa ameubeba mwilini.

Kuna na kisa cha chaza bapa wa Ulaya. Alipelekwa Marekani kufugwa, akafika mpaka California, halafu mbegu yake ikarudishwa Ufaransa ikiwa na kimelea kinachoitwa Bonamia. Mwaka 1979 kikaonekana Brittany, na tangu hapo chaza bapa wa Ulaya hajasimama tena vizuri. Alirudi kwao na kifo.

#4

Nami niongezee kidogo maana nimefanya kazi shamba la chaza misimu kadhaa. Watu mnaongea mbegu mbegu kama ni kumwaga na kwenda kulala. Kazi yenyewe ni mifuko ya wavu juu ya meza za chuma, maji yakipwa unaingia na mabuti, unageuza mifuko, unaitingisha ili chaza wasishikane na wapate umbo zuri, unachambua wadogo na wakubwa, unahamishia mifuko yenye matundu makubwa. Usipogeuza mwani unafunga wavu, maji hayapiti, wanadumaa. Na chaza akikaribia kuzaa anakuwa kama amejaa maziwa, laini, wateja wengi hawamtaki, kwa hiyo miezi ya joto unakaa na mzigo.

Ndio maana wafugaji wengi siku hizi wanatumia chaza wa triploidi. Wa kawaida ana kromosomu seti mbili, jumla 20, huyu anakuwa na seti tatu, 30, hawezi kutengeneza mayai vizuri, kwa hiyo nguvu yote anaipeleka kwenye kukua na nyama haiwi maziwa. Zamani walikuwa wanalishtua yai kwa kemikali au kwa mgandamizo, siku hizi wanamchukua dume mwenye seti nne anazalishwa na jike la kawaida, watoto wote wanatoka na tatu.

Mleta uzi, je huyo sio jibu? Leta tasa, fuga, uza, hazai, hakuna kesi.

#1 – mleta uzi

Ahsante sana mkuu, mtu aliyevaa mabuti akiongea unasikia tofauti.

Triploidi ni hatua kubwa na ningekuwa na maamuzi ningesema asiyekuwa triploidi asiruhusiwe kabisa kwenye maji mapya. Ila nina mambo matatu yananikwaza. Kwanza utasa wake sio wa asilimia mia, wapo wachache wanaotoa mayai, na ukizidisha uchache huo kwa mamilioni ya chaza shambani sio uchache tena. Pili, ili upate triploidi lazima mahali fulani pawepo wazazi wenye seti nne na wenye seti mbili wanaozaa, na hao ukiwatunza kwenye kituo kilicho pembeni ya ghuba hiyo hiyo umerudi mwanzo, bomba moja la maji machafu linatosha. Tatu, utasa hauzuii ugonjwa. Tasa anabeba kimelea sawa sawa na mzazi.

Kuhusu kimelea kuna utaratibu unaoheshimika, wa baraza la kimataifa la utafiti wa bahari, ICES, toleo la kwanza lilitoka 1973 na limeboreshwa mara kadhaa. Kiini chake ni kwamba wazazi walioagizwa hawagusi bahari yako hata siku moja. Wanakaa karantini, maji yanayotoka humo yanauliwa vijidudu kwanza, wanazalishwa humo, na wanaotoka ni watoto tu, tena wakishachunguzwa. Wazazi wanateketezwa. Uingereza walifanya hivi hata kabla haujaandikwa, maabara ya serikali pale Conwy, Wales, mwaka 1965. Na kweli walijikinga na mengi yaliyowakuta wenzao kwa mbegu ya Japani.

Lakini mnajua kilichotokea kwa chaza mwenyewe? Walisema tena kama Waholanzi, maji ni baridi hatazaa. Leo yupo mwituni Essex, Kent, Devon, Cornwall. Kule Kent wapo watu wanajitolea kushuka ufukweni maji yakipwa na nyundo mkononi wanamponda chaza mmoja mmoja juu ya miamba ya chokaa. Karantini ilimzuia aliyejificha, haikumzuia mgeni mwenyewe, kwa sababu hakuwa amejificha, tulimfungulia mlango.

#5

Sasa si waliwe? Nisameheni kama swali ni la kitoto, lakini kitu kinauzwa ghali hotelini halafu mtu anakiponda na nyundo, mimi sielewi.

#4

Sio la kitoto mkuu, kila mtu anauliza. Chaza wa mwituni sio yule wa sahani. Wamekua wameshikana kumi, ishirini, kila mmoja amejikunja kukwepa mwenzake, warefu kama kisigino cha kiatu, gamba kali kama wembe. Kumbandua mmoja unavunja watatu. Kumfungua unajikata. Hoteli inataka umbo la kikombe, saizi moja, gamba safi. Wapo wanaookota na wanakula wenyewe, na kuna sehemu wanawatenganisha wakiwa wadogo wanawahamishia kwenye mifuko wanyooke, lakini kumaliza mwamba mzima kwa kula haiwezekani, unavyookota juu chini wanaendelea. Na usisahau chaza anachuja maji, kwa hiyo kilichomo majini kimo tumboni mwake, bakteria, sumu za mwani, kila kitu. Wa shamba yupo kwenye maji yanayopimwa na mara nyingi anawekwa kwenye maji safi kabla ya kuuzwa. Wa mwituni ambaye maji yake hayapimwi humjui amekula nini.

#6

Ningependa tusisahau kusini. Australia walimleta wenyewe kutoka Japani kati ya 1947 na 1952, akashika vizuri Tasmania, na hapo Tasmania ni ajira za watu mpaka leo. Lakini New South Wales kuna wafugaji wa chaza wa miamba wa Sydney, mwenyeji, Saccostrea glomerata, sekta ya zaidi ya miaka mia. Wa Pasifiki alipofika kwenye maji yao akawa anajibandika juu ya chaza wao kwenye vifaa vyao wenyewe, anakua haraka kuliko mwenyeji, anamfunika. Port Stephens ndio waliumia, mwaka 1985 alikuja kwa wingi, mwishowe pale ikabidi waruhusiwe kumfuga tu maana hakuna tena cha kulinda. Sehemu nyingine za jimbo alitangazwa kiumbe haribifu. Mwenyeji anachukua miaka mitatu mpaka minne kufika sokoni, mgeni nusu yake, mfugaji mwenyeji anaamka asubuhi anabandua wageni juu ya mali yake na hakuna anayemlipa hiyo kazi. Na ile virusi ya 2008 iliyotajwa juu ikaonekana kule mto Georges mwaka 2010, Tasmania 2016.

New Zealand hata hawakumleta makusudi. Alionekana kaskazini mwa nchi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wafugaji walikuwa wanakusanya mbegu ya chaza wao wa miamba kwenye vijiti, wakakuta vijiti vimejaa mgeni. Mwanzo walibandua. Wakachoka. Kabla muongo haujaisha wengi wakawa wanamfuga yeye.

#1 – mleta uzi

Umenena mkuu wangu, na hiyo "wakachoka" ndio neno lenyewe. Ukisoma vizuri utaona New Zealand wafugaji hawakuchagua chaza wa Pasifiki. Alikuwa ameshachagua yeye.

#2

Mleta uzi narudi. Nimesoma yote na nakubali mengi, ila bado unanifungia mlango bila kunifungulia dirisha. Mtu ana ghuba ambayo chaza wa asili wamekwisha kabisa, maji yamechafuka maana hakuna wa kuyachuja, wavuvi wamekaa bure. Unamwambia asubiri nini?

#1 – mleta uzi

Swali hilo hilo limeshawahi kuulizwa kwa uzito wote, na waliouliza walikuwa na dhiki kuliko wengi. Chesapeake, Maryland na Virginia. Chaza wa pale, Crassostrea virginica, alikuwa mwingi kiasi cha kuzuia meli, akavunwa, akaja MSX na ugonjwa mwingine wanauita Dermo, akashuka mpaka kama asilimia 1 tu ya wingi wake wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja wazo la kumleta chaza mwingine wa Asia, Crassostrea ariakensis. Majaribio yalipendeza mno, anakua haraka, MSX haimuangushi, Dermo anaivumilia. Wavuvi wakamtaka aingizwe jana. Na mimi ningekuwa mvuvi wa pale, baba na babu wavuvi, ningemtaka pia, sitadanganya.

Lakini wakatulia wakachunguza. Baraza la kitaifa la utafiti la Marekani likaandika ripoti nzima juu ya jambo hilo hilo, majaribio ya shambani yakafanywa kwa triploidi peke yake. Yakaanza kutoka mambo ambayo hayakuwa kwenye matangazo. Kwenye majaribio ya North Carolina akauawa na aina ya Bonamia ambayo chaza mwenyeji wala haimshughulishi. Gamba lake jembamba, kaa wanalivunja kirahisi. Na hakuna aliyeweza kusema atafika wapi akitoka nje ya ghuba, maana mkondo hausomi mipaka ya majimbo. Mwaka 2009 wakaamua, haletwi, nguvu zote ziende kwa mwenyeji.

Na hapa ndio dirisha lako mkuu. Hawakukaa bure baada ya hapo. Walichagua wazazi wa kienyeji walionusurika na MSX na Dermo wakawazalisha kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata wanaostahimili. Ile teknolojia ya triploidi aliyoeleza mkuu wa mabuti wakaihamishia kwa mwenyeji, leo ufugaji wa Virginia kwa sehemu kubwa ni triploidi wa chaza wao wenyewe, anakua haraka na anauzwa miezi ya joto. Kwenye vijito kama Harris Creek wakamwaga magamba na mbegu ya mwenyeji wakajenga upya miamba iliyopotea. Ni kazi ya miaka mingi na hela nyingi na haijaisha. Lakini wakikosea kesho wanaweza kurekebisha.

Kwa hiyo huyo mwenye ghuba nisingemwambia asubiri. Ningemwambia ajue kwanza chaza wake waliisha kwa nini. Kama ni kuvunwa kupita kiasi, mgeni naye atavunwa hivyo hivyo. Kama ni uchafu na tope, mgeni atazama kwenye tope lile lile. Kama hakuna kitu kigumu cha kujibandika, magamba matupu yaliyokaushwa juani miezi kadhaa yakirudishwa majini wakati chaza wachache waliobaki wanazaa yanaweza kufanya kazi ambayo tani za mbegu ya kuagiza hazifanyi. Yakaushwe lakini, yasitoke mbichi ghuba moja kwenda nyingine, maana hapo tunarudi kwenye makasha ya Miyagi.

#3

Samahani swali la mwisho, vile vitanda vya kome vya Wadden vilivyogeuka miamba ya chaza, kome wameisha kabisa?

#1 – mleta uzi

Hapana dada, na hili lilinishangaza nilipolijua. Watu walilia kome wamekwisha. Sasa ukienda ukiinama ukatazama katikati ya chaza, chini kabisa, kome wapo, wamejibana kwenye nafasi kati ya gamba na gamba. Kaa na ndege hawawafikii kirahisi kama zamani. Ila wamekonda, chakula kinachofika chini kimeshapita kwa chaza juu, na ndege waliozoea kula kome wanahangaika maana chaza mkubwa hawamuwezi. Wanaishi pamoja hivyo, kome chini, chaza juu.

#2

Nimekuelewa mkuu. Naanza na kutafuta nani alikuwa anaishi kwenye maji yetu kabla, na nani bado yupo. Nikipata kitu narudi hapa hapa.